Shina la Pembenne na Dirisha la Dawa

Siku mliyonikatia keki kule Nizwa, wenzangu wa dirisha la dawa, mkanipa na saa ya ukutani, kana kwamba mtu anayestaafu ndiye anayehitaji kujua saa, baadhi yenu mliniambia, "Bi Ruqayya, tuandikie mambo ya kazi." Nikasema nitaandika. Nimekaa miezi mitatu sijaandika, kwa sababu kila nikishika kalamu yanakuja mambo ya uhamisho na vyeo na nani hakuelewana na nani, na hayo hayamfundishi mtu kitu. Nani alipandishwa daraja na nani aliachwa, mie nimeshasahau, na aliyeachwa nadhani anakumbuka peke yake.

Basi nitakuandikieni juu ya mmea mmoja wa mlimani, usio na hata jani moja, na mzee mmoja ambaye alikaribia kufa kwa sababu ya mdomo wangu. Nakuandikieni kwa Kiswahili. Najua wengine wenu mtasoma polepole, na ngeli zenu mnazijua wenyewe. Someni hivyo hivyo.

Nilianza kazi kwenye dirisha la dawa la spitali kule Ibra, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nimezaliwa Unguja mjini, nimekuja Omani mtoto, na nilipomaliza chuo nilidhani najua kila kitu kwa sababu nilijua majina ya dawa kwa Kilatini. Aliyenipokea ni Bwana Mathai, mfamasia wa Kerala, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na Kiarabu cha kuokoteza. Asubuhi ya kwanza alinipa sinia la kuhesabia vidonge na kijiko bapa, akasema, "Hesabu tano tano. Jicho la binaadamu linaona tano, halioni saba." Mpaka leo nahesabu tano tano, hata ndimu sokoni.

Wagonjwa wengi wakubwa wa siku zile hawakujua kusoma. Kwenye bahasha tulichora jua kwa asubuhi, jua lililolala kwa jioni, na mwezi kwa usiku. Bwana Mathai alichora jua zuri, lenye miale. Langu lilikuwa kama yai lililopasuka. Siku ile ya kwanza nilimpa mama mmoja dawa ya maji ya kikohozi ya mwanawe nikamwambia, "Kijiko kimoja kimoja." Kesho yake alirudi na chupa tupu, mtoto analala mchana kutwa. Nilipomuuliza kijiko gani, akanionyesha kwa mkono: kile cha kupakulia wali. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Nilianza kumlaumu mama yule, na Bwana Mathai akanikatiza.

"Ulimwonyesha kijiko?"

"Sikumwonyesha."

"Basi kosa ni la nani?"

Toka siku hiyo kijiko cha plastiki kikawa kinakaa mbele yangu dirishani. Lakini funzo nililichukua nusu. Nilijifunza kuonyesha, kusikiliza nilikuwa bado.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Mudhaibi. Daktari mmoja, wauguzi watatu, dirisha moja la dawa, na mie ndani yake. Watu walikuja kutoka mashambani, kutoka vijiji vya kandokando ya mabonde, na kutoka kwa Mabedui wa ukingo wa mchanga. Daktari alikuwa Msudani, Daktari Idris, mtu mpole aliyesema kwa sauti ndogo mpaka wagonjwa viziwi walimkimbia.

Huko ndiko nilikokutana na Mzee Khalfan. Alizaliwa Tabora, amekuja Omani mtu mzima tayari, na akawa dereva wa gari la tangi la maji. Alipeleka maji kwenye mahema na mazizi ambako bomba halikufika. Kiarabu chake kilikuwa cha kutosha kuagizia dizeli. Siku ya kwanza alipofika dirishani nilimsikia anavyotafuta maneno, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

Aliinua uso kama mtu aliyeitwa jina lake ugenini. "Marahaba, dada! Kumbe kuna mtu wa kwetu humu? Nimechoka kuumwa kwa Kiarabu."

Alikuwa na sukari. Nilimpa vidonge vyake, nikamchorea jua langu baya, akacheka. Kila mwezi alikuja, na kila mwezi tulitaniana. Mie nikisema "spitali" yeye anasema "hosipitali". Nikisema "skuli", yeye ananiuliza kama nimemeza silabi moja. Mkewe, Bi Zaina, alikuwa mwanamke wa maneno machache, mweupe wa moyo, aliyekaa kwenye benchi akisubiri kelele zetu ziishe.

Mwezi mmoja, baada ya mvua, Mzee Khalfan akatoa kitambaa kilicholowa maji kutoka mfuko wa dishidasha lake, kanzu ya Kiomani, akakifungua kwenye ubao wa dirisha. Ndani mlikuwa na shina. Nene kama kidole gumba, rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu na wekundu kidogo, lina pande nne kama limechongwa na seremala, na kwenye kila pembe meno mafupi butu. Jani hata moja halina. Nchani limeshika fundo la maua madogo rangi ya zabibu iliyokauka, na harufu yake, nisitiri kwa nini, ni harufu ya nyama iliyolala siku tatu.

"Nini hichi?" nikauliza huku nimeziba pua.

"Dawa ya sukari. Kuna bibi mmoja wa mbuzi, napelekea maji kwake, ndiye kanionyesha. Wao wanakitafuna wakiwa malishoni, kinakata kiu na njaa. Wenye sukari wanakiponda wanakunywa maji yake. Sasa mimi nataka kukuuliza kitu kimoja tu, dada. Nikinywa hiki asubuhi, vidonge vyako nivimeze saa ngapi?"

Nimefanya kazi dirishani miaka mingi baada ya hapo, na sijaulizwa swali la akili kuliko hilo. Jibu langu lilikuwa hili:

"Mzee Khalfan! Umetoka Tabora mpaka huku uje kula miti ya mbuzi? Tupa uchafu huo! Ukitaka kunywa dawa za porini basi usije kunichosha mie hapa."

Nilisema kwa sauti, tena kwa Kiarabu mwishoni, ili na wengine wasikie, kwani nilijiona natoa darasa. Watu waliopanga foleni wakacheka. Yeye naye alicheka. Akakunja kitambaa taratibu, pembe moja juu ya nyingine, akakirudisha mfukoni. "Haya, mama," akasema. Alikuwa hajapata kuniita mama. Bi Zaina alikuwa ameshasimama na ameelekea mlangoni.

Hakulitaja tena shina lile. Mie nikajipa heko kwamba nimemtoa ujingani.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, lakini nitayapanga kama yalivyotokea ili muyafahamu. Aliporudi nyumbani aliliacha kweli, kwa miezi kadhaa. Ukaja msimu wa tende mbichi, naye alikuwa mpenzi wa tende, na sukari yake ikapanda. Daktari Idris akamuongezea vidonge mara mbili ya vile vya kwanza, akafanya sawasawa kabisa kwa yale aliyoyaona kwenye kadi. Kisha mvua ikanyesha tena, mashina yakajaa maji, na yule bibi wa mbuzi akampa fungu jipya. Mzee Khalfan akaanza tena kunywa, safari hii kimyakimya. Vidonge vimezidi, maji ya shina yameongezwa juu yake, na kwa kuwa shina linaua hamu ya chakula, asubuhi anaondoka hajala kitu.

Siku ilipotokea, ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Nilikuwa napanga chupa za insulini kwenye friji niliposikia breki na watu wanapiga kelele. Pikapu ya Mabedui imesimama mlangoni, na nyuma yake amelazwa Mzee Khalfan, dishidasha limelowa jasho kama aliyetolewa kisimani. Bi Zaina amemshika kichwa. Siku hiyo alikuwa amepanda naye kwenye tangi kwenda kumtazama jamaa mgonjwa. Njiani mzee akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, gari likatoka barabarani, likapita baina ya miti miwili, likazama mchangani likasimama. Ingekuwa barabara ile ina gari jengine linalokuja, nisingekuwa na haya ya kukuandikieni.

"Kapatwa na shetani," Bi Zaina alikuwa akisema. "Anasema Kinyamwezi. Miaka ishirini hajasema Kinyamwezi."

Daktari Idris alimtoboa kidole. Mashine ya kupimia ilikuwa mpya kwetu, tukiitunza kama yai, na namba iliyotoka ilikuwa ndogo mpaka daktari akapima mara ya pili. Sukari ilikuwa imekwisha mwilini. Akamchoma sindano ya maji ya sukari kwenye mshipa, na kabla bomba la sindano halijaisha Mzee Khalfan akafumbua macho, akauliza, "Tangi langu liko wapi?" Muuguzi mmoja akalia na kucheka pamoja.

Tukadhani yamekwisha. Haukupita muda mrefu, akaanza kutoka jasho tena. Sukari imeshuka tena. Daktari akaweka dripu, akaagiza gari la wagonjwa limpeleke Ibra, akanigeukia mie.

"Kameza vidonge vingapi huyu?"

Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wa Bi Zaina. Nikamwaga vidonge kwenye sinia, nikahesabu tano tano, nikatazama tarehe kwenye kadi, nikahesabu tena. Havikupungua wala kuzidi hata kimoja. Mzee wa watu alikuwa anameza dawa kama alivyoandikiwa, kwa uaminifu ambao wagonjwa wetu wengi hawana.

"Hakuzidisha, daktari."

"Basi kuna kitu kingine."

Pale ndipo nilipokikumbuka kile kitambaa. Nilimwendea Bi Zaina, nikachutama mbele ya benchi. "Bi Zaina, naomba uniambie. Anakunywa lile shina?"

Alinitazama usoni. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nazo. "Si wewe uliyemwambia atupe?"

"Ni mie."

"Basi alikuwa anatupa kila ukimtazama."

Akanieleza yote: kikombe kizima kila alfajiri, hali kitu mpaka mchana. Kichupa cha maji ya shina kilikuwa garini, chini ya kiti cha dereva, ili mie nisije nikakiona. Nikamwambia Daktari Idris, naye akaandika kwenye barua ya Ibra ili wenzetu kule wasimwachie mapema. Mzee alikaa wodini siku mbili na ushei, dripu haikutolewa mpaka walipoamini kuwa sukari imesimama. Kwa haki, sikuambieni kwamba ni shina lililomwangusha. Huenda ni vidonge vilivyozidi, huenda ni tumbo tupu, huenda ni vyote vitatu vimeshikana mikono. Dawa zile za wakati ule zenyewe zilikuwa na tabia ya kukaa mwilini na kumshusha mtu sukari mara ya pili. Daktari Idris hakuwa na hakika, na mie si msomi kumshinda yeye. Ninalolijua ni kwamba lau ningelijibu swali la Mzee Khalfan siku ile, au angalau ningelisema "sijui, tumuulize daktari," sote tungelikuwa tunatazama kitu kimoja.

Nilikwenda Ibra kumtazama. Nilichukua supu kwenye chupa ya chai, kwa sababu mgonjwa wa sukari huwezi kumpelekea halua. Alikuwa amekaa kitandani, ndevu zimechanwa, anagombana na mwenzake wa kitanda cha pili kuhusu mpira.

"Mzee Khalfan, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Unalijua."

Akaweka kikombe cha supu kwenye kimeza. "Dada, nikwambie kweli? Mimi niliogopa mdomo wako kuliko sukari. Sukari haikunifanya kichekesho mbele za watu."

Bi Zaina, aliyekuwa pembeni, akasema, "Mnyweshe supu yake, itapoa." Huo ndio uliokuwa msamaha. Mzee akanywa, akasema haina chumvi.

Wiki chache baadaye, siku ya Ijumaa baada ya sala, walinipitia nyumbani, Bi Zaina mbele na chupa ya kahawa mapajani, twende mlimani nikaone kitu nilichokitukana. Tulikwenda kwa gari mpaka barabara ilipokwisha, tukapanda kwa miguu kwenye mawe ya kahawia, mie na viatu vya ofisini. Nilitazamia kuona vichaka. Hakuna. Mzee akasimama, akasema, "Tafuta." Nikatafuta mpaka shingo ikauma. Kumbe mmea ule hujificha kwenye kivuli cha vijiti vyenye miba, baina ya mawe, rangi yake na ya mawe ni moja, na kama si nzi waliozunguka maua yake ningepita juu yake. Nzi ndio wanaoupenda. Nyuki haji, mtu haji, nzi anakuja kwa harufu ya nyama na kuondoka amebeba chavua ya mbegu za mwakani. Kwenye shina la zamani nikaona vitunda viwili vyembamba vimesimama kama pembe za mwanambuzi, kimoja kimepasuka, na ndani yake mbegu zenye nyuzi za hariri zinazosubiri upepo.

Kila bonde lina jina lake kwa mmea huu, na nimeandika matano bila kujua lipi sahihi. Sisi Waswahili wa kituoni tuliuita pembenne, na mie nitaendelea hivyo.

Mzee Khalfan alinifunza kama alivyofunzwa na yule bibi wa mbuzi. Hung'oi. Unakata kwa kisu shina moja kati ya matatu, juu kidogo ya udongo, na penye mashina mawili tu hugusi. Unatazama mahali ulipokata: pembenne inatoa maji safi. Kuna mti mwengine wa huko huko, mnene kama wenyewe, hauna majani kama wenyewe, na ukiukata unatoa maziwa meupe. Huo usiutie mdomoni wala karibu na jicho. Pembenne mbichi wachungaji huitafuna kidogo kidogo njiani. Majimaji yake hupakwa palipoungua, kwa jua au kwa moto. Wengine huchanganya na asali. Alinikatia kipande, nikatafuna. Uchungu wake ulinifika masikioni. Mzee na mkewe walicheka mpaka kahawa ikamwagika, na mie nikaona ni haki yao.

Jumamosi niliporudi kazini nilinunua daftari. Nikachora shina na maua, na mti wa maziwa pembeni yake. Mchoro wangu ulikuwa mbaya lakini hakuna aliyechanganya maji na maziwa. Na nikabadilisha swali. Hili ndilo ninalotaka mlichukue, hata mkiacha mengine yote. Ukimuuliza mgonjwa, "Unatumia dawa za kienyeji?" atakwambia hapana, na atakwambia hapana kwa sababu ameshasikia katika sauti yako kwamba ndiyo ni kosa. Mie nikawa nauliza, "Nyumbani mnatumia nini?" kama vile nauliza wamepika nini. Wiki ya kwanza watu walinitazama tu. Wiki ya pili mama mmoja akatoa kifundo cha majani kwenye buibui lake. Mwisho wa mwaka daftari lilikuwa limejaa, na Daktari Idris akawa analiazima na kusahau kulirudisha.

Miaka ya elfu mbili ilinikuta Sur. Kule watu ni wa bahari, nikadhani daftari langu la mlimani litalala. Mchana mmoja akaja mama wa Qalhat, amemshika mumewe mkono, jicho la mume limevimba kama limepigwa ngumi. Alikuwa amekwenda mlimani kumtafutia mkewe dawa ya mkono ulioungua kwa mafuta ya kukaangia, akakata shina, likamrukia usoni. Nikamuuliza swali moja tu: "Lilitoa maji au maziwa?" Akasema maziwa. Tukamlaza, tukalisafisha jicho kwa maji ya chumvi, chupa baada ya chupa, mpaka daktari wa macho alipofika. Jicho lilipona. Wanawake wa Aija, mtaa wa pale Sur, walioniona siku ile walianza kuniletea mizizi na magome niwaambie ni nini, na mara nyingi nilijibu sijui. Ni neno zuri, "sijui". Lilinichukua miaka kumi kulijifunza.

Niliyoyaona Nizwa katika miaka yangu ya mwisho hayakunifurahisha. Pembenne ikawa na sifa. Mtu akamwambia mtu, na watu ambao hawajapata kupanda jabali wakaitaka imesagwa, ndani ya chupa yenye kifuniko cha dhahabu. Mzee Khalfan alikuja kunitembelea, ameshazeeka, ameacha kuendesha, ameletwa na Bi Zaina ambaye uzeeni alijifunza kushika usukani na kumshinda mumewe kwa mwendo. Aliniambia walikwenda mahali petu.

"Hakuna kitu, dada. Wameng'oa mpaka mizizi. Mashimo matupu, utadhani ngiri wamepita."

"Hata moja?"

"Moja. Zaina kaiona, chini ya jiwe. Tukaifunika na miba tukaondoka."

Alikuwa bado anatumia, nusu kikombe mara mbili kwa wiki, na daktari wake anajua, na vidonge vyake vimepunguzwa kulingana na vipimo. Alikufa baada ya miaka miwili, kwa kifua, wala si kwa sukari. Nilimkosha Bi Zaina miguu jioni ya matanga, kwa sababu alikuwa amesimama kutwa nzima na hakuna aliyemkumbuka.

Sasa nikuambieni la mwisho, ambalo sikupenda kuliandika.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilipimwa, nikaambiwa nina sukari. Mie niliyewagawia watu vidonge vya sukari maisha yangu. Nilipewa dawa, nikazimeza. Mpwa wangu akaniletea kichupa cha pembenne na asali kutoka kwa mtu anayemwamini, nikawa nakunywa kila asubuhi, kijiko, bila kumwambia mtu. Msiniulize kwa nini. Labda nilimkumbuka mzee wangu. Labda niliogopa tu, na mtu mwenye hofu hashiki kitu kimoja.

Nilikwenda kwenye kituo cha karibu na kwangu, Ibra, nilikorudi kukaa, kuchukua dawa za mwezi. Binti wa dirishani alikuwa mgeni, hanijui. Jina lake lilikuwa kifuani, Maryam. Akanipa dawa zangu, akanionyesha vizuri, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, kama anavyoulizwa mama mdogo, "Khalti, nyumbani unatumia nini zaidi ya hizi?"

Nyuma yangu walikuwa watu. Mmoja ni mke wa jirani yangu.

"Situmii kitu," nikasema.

Nikaenda garini. Nikakaa na ufunguo mkononi. Nilijua sasa Mzee Khalfan alikunja vipi kile kitambaa, na kwa nini alikikunja taratibu. Hakuna aliyenicheka mie. Binti wa watu hakunikaripia. Na bado nilisema uongo, na ulinitoka mwepesi kama salamu.

Nikarudi ndani, nikachukua namba upya, nikasubiri watu kumi na mmoja. Ilipofika zamu yangu nikamwambia, "Binti, nimekudanganya."

Akaacha alichokuwa akifanya.

Nikamwambia yote, na mke wa jirani akiwa bado yupo, anasikiliza kwa masikio yote mawili. Maryam hakucheka, wala hakusema pole. Aliniuliza nimeanza lini, nakunywa kiasi gani, nakula kabla au baada. Akaandika kwenye kadi. Akasema hajui mmea ule unafanya nini na vidonge vyangu, kwa hiyo atamuuliza daktari, na nije Jumapili kabla ya kula nipimwe, nije na kichupa chenyewe.

Jumapili nilikwenda. Kichupa nilikibeba mkononi, si ndani ya mkoba.